Kutoka Rajasthan hadi Changamwe: Vibarua Walivyofundisha Ukaguzi

Mwaka 1990, katika jimbo la Rajasthan nchini India, wakulima na vibarua waliunda chama cha Mazdoor Kisan Shakti Sangathan (MKSS) wakishirikiana na Aruna Roy, aliyekuwa ameacha utumishi wa serikali. Walidai ujira halali katika kazi za umma. Walipojibiwa kwamba vitabu vinaonyesha hawakutimiza kipimo cha kazi, wakadai kuviona vitabu hivyo. Kuanzia Desemba 1994 waliitisha mabaraza ya hadhara na orodha za malipo zikasomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji. Majina ya marehemu yalisikika miongoni mwa waliolipwa, na majengo yaliyogharamiwa hayakuonekana popote. Asiyejua kusoma akawa mkaguzi, kwa kuwa alimjua kila jirani aliyetajwa na kila ukuta uliodaiwa kujengwa. Vuguvugu hilo lilichangia sana kupatikana kwa sheria ya India ya haki ya kupata habari, mwaka 2005.

Naamini mafunzo ya kupambana na rushwa huzaa matunda pale tu yanapofuata mkondo huo: hati halisi mkononi na mradi wenyewe mbele ya macho. Mombasa ni ushahidi. Sheria ya mwaka 2003 ilikuwa imetenga asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya Kenya kwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF, huku wabunge wakiwa na usemi mkubwa juu ya matumizi yake. Shirika la haki za binadamu la MUHURI lilipoandaa ukaguzi wa kijamii katika eneo bunge la Changamwe, Mombasa, mwaka 2007, wakufunzi walitoka MKSS. Wakazi walifundishwa kusoma makadirio ya gharama na risiti, kisha wakaenda kwenye miradi kupima walichokikuta. Maigizo ya mitaani yaliwaita watu barazani, na wasimamizi wa mfuko wakaulizwa maswali hadharani. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kupata habari. Kupatikana kwa makabrasha tu kulikuwa ushindi.

Pingamizi zito zaidi linatoka Indonesia. Utafiti wa Benjamin Olken, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha miradi ya barabara katika vijiji zaidi ya 600, ulionyesha kwamba ukaguzi wa serikali ulipunguza upotevu wa fedha kwa takribani asilimia 8 ya matumizi, ilhali kuwashirikisha wanakijiji kulileta tofauti ndogo. Matokeo hayo hayapuuziki. Lakini wanakijiji wale walipewa mialiko ya mikutano na fomu za maoni. Mwaliko haumfundishi mtu kulinganisha risiti na barabara. Hata hivyo, utafiti huo unatukumbusha kwamba wananchi peke yao hawana rungu la kuadhibu. Jimbo la Andhra Pradesh nchini India lililielewa hilo likaunda chombo maalumu cha ukaguzi wa kijamii, hivyo wanakijiji wakakagua kwa nguvu ya dola.

Wengine husema asasi zenyewe hazikaguliwi, na wanasema kweli. MKSS ilikataa fedha za wafadhili wa nje; asasi nyingi za kwetu haziwezi kufanya hivyo, basi mafunzo yaanze kwa kuvifungua vitabu vya asasi zenyewe. Kisha yafundishe kuandika maombi ya nyaraka, maana tangu mwaka 2016 sheria ya Kenya inamtaka afisa aamue ombi ndani ya siku 21, na ombi lisilowasilishwa halimbani mtu.