Maumivu Yaliyobaki Baada ya Kisu

Mwanzoni mwa karne ya 20, nusukaputi na usafi wa vyumba vya upasuaji vilikuwa vimeyafungua matumbo ya watu kwa kisu zaidi kuliko wakati wowote uliotangulia, na kati ya madaktari wengi ilienea imani kwamba kila maumivu yana mahali pake mwilini, na kwamba mahali hapo panaweza kukatwa. Mtetezi mashuhuri wa imani hiyo kwa upande wa utumbo alikuwa William Arbuthnot Lane (1856–1943), daktari wa Hospitali ya Guy's mjini London, aliyefundisha kwamba utumbo mpana unaochelewesha kinyesi husambaza sumu mwilini, na kwamba uchovu, huzuni na maumivu ya tumbo ni matokeo ya sumu hiyo. Lane aliwahi kuunganisha utumbo mwembamba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ili chakula kipite njia ya mkato, kisha akaendelea hadi kuuondoa utumbo mpana wenyewe, na wengi wa waliofanyiwa hivyo walikuwa wanawake waliokuwa wakisumbuliwa na kufunga choo.

Baadhi ya wagonjwa walikufa na baadhi walipata nafuu, lakini wapo waliotoka hospitalini na maumivu ambayo sumu haikuweza tena kuyaeleza, kwa kuwa kiungo kilicholaumiwa hakikuwamo tena. Lawama ikahamia kwenye makovu ya ndani, yaani nyuzi zinazoota pale ambapo utando laini unaofunika viungo vya tumbo umekwaruzwa au umekauka wakati wa upasuaji, zikagandisha utumbo kwenye ukuta wa tumbo au pindo moja la utumbo kwenye jingine. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana nyuzi hizo huweza kuunyonga utumbo hadi ukaziba. Hata hivyo, watu wengi waliowahi kupasuliwa tumbo wanazo na hawaumwi. Kwa hiyo kila mgonjwa aliyefunguliwa mara ya pili alielekea kukutwa na kovu, kovu likakatwa, na kukatwa huko kukazaa makovu mapya. Nadharia ya Lane ilijadiliwa vikali mwaka 1913 katika Chama cha Kifalme cha Tiba mjini London na baadaye ikapoteza wafuasi, ila desturi ya kutafuta kitu kingine cha kukata ilidumu kuliko nadharia iliyoizaa, na mzigo wake uliwaangukia wale ambao, kisu kilipokosa cha kukata, waliambiwa kwamba hawaumwi kitu.

Mabadiliko yalitoka kwa madaktari wa ganzi na usingizi. Mmoja wa hao, John Bonica, mzaliwa wa Italia aliyekuwa mwanamieleka na aliyeishi na maumivu ya majeraha ya mchezo huo, aliwahudumia askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaona kwamba daktari mmoja peke yake hawezi kulielewa umivu lisilokoma. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tiba ya maumivu, na baadaye kliniki yake katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ikaweka wataalamu wa fani mbalimbali pamoja. Mmoja wao, mwanasaikolojia Wilbert Fordyce, alipendekeza jambo lililoonekana dogo: dawa itolewe kwa saa, si kwa kusubiri mgonjwa alie, na mwendo wa kutembea au kufanya kazi upangwe kwa kiasi kilichokubaliwa mapema, ili siku nzuri isitumiwe kupita kiasi na siku mbaya isimlaze mtu kabisa. Njia hiyo ikitumiwa kwa ukali inaweza kumfanya mgonjwa ahisi amepuuzwa tena, lakini thamani yake ni kubwa, kwa sababu ilimpa mtu namna ya kuishi kabla chanzo hakijajulikana.

Sayansi ya mishipa ya fahamu nayo ilisogea. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo hupunguza au huzidisha ishara za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo, na mwaka 1983 Clifford Woolf akaonyesha kwamba jeraha huweza kuiacha mishipa ya uti wa mgongo ikiwa nyepesi kuchokozeka. Kiswahili huyaita maumivu ya aina hii sugu, neno la ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mno; ndani ya mwili, hata hivyo, kinachotokea ni kinyume chake, kwa kuwa mishipa huzidi kuwa nyepesi kuhisi kwa kuumia na mguso mdogo wa chakula au gesi ukatosha kuiamsha.

Mwaka 1998 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kliniki za maumivu kaskazini mwa Uingereza ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano alihusisha maumivu yake na upasuaji. Mwaka 2003 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 100 wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu na makovu ya ndani: wote walichunguzwa kwa kamera kupitia matundu madogo, baadhi yao tu wakakatwa makovu, na mwaka mmoja baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu bila tofauti kati yao. Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ilipoanza kutumika, maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji yalikuwa na jina na namba yake, na daktari aliweza kuyaandika kwenye faili la mgonjwa hata pale ambapo picha zote hazikuonyesha kitu.