Njegere za Mendel na damu ya Pwani

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka tumzungumzie Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, maana hesabu yake inatuhusu sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Kati ya 1856 na 1863 Mendel alipanda njegere na kuhesabu. Alizalisha za mviringo na zenye makunyanzi: watoto wote wakatoka mviringo. Wajukuu je? Mviringo 5,474, makunyanzi 1,850. Karibu tatu kwa moja! Akaona kwamba kila sifa ina nakala mbili, ya baba na ya mama, na nakala yaweza kujificha bila kupotea. Alichapisha 1866, akafa 1884. Wanasayansi walimkumbuka 1900.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu Kenya, akakuta nakala ya selimundu (sikoseli) ni nyingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mwenye mbili huugua.

Wazazi wote wawili wakiwa na moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Na kete haina kumbukumbu: kumpata mmoja hakuwakingi wanaofuata. Si jicho la mtu, wala si kosa la mama. Ni hesabu ya njegere.

Basi ndugu zangu, kabla ya posa, pimeni damu.