Kiapo cha Maryland

Mwaka 1959 gavana wa Maryland, Marekani, alimteua Roy Torcaso, mtunza hesabu, kuwa mthibitishaji wa nyaraka: kushuhudia watu wakitia saini, kisha kugonga mhuri. Alipofuata hati yake kwa karani wa mahakama, alitakiwa kwanza atamke kwamba anaamini Mungu yupo. Torcaso hakuamini, na hakuwa tayari kusema uongo ili apate kazi. Akanyimwa hati.

Katiba ya Marekani ilikwisha kukataza jambo hilo tangu 1787. Ibara ya 6, kwa pendekezo la Charles Pinckney wa South Carolina, inasema mtu asipimwe kwa dini yake ndipo apewe wadhifa. Lakini katazo hilo lilihesabiwa kuibana serikali kuu tu, majimbo yakaendelea na masharti yao.

Maryland ilitaka kila ofisa akiri Ukristo. Wayahudi wa Baltimore walilipa kodi kama wenzao, ila hata udiwani hawakuruhusiwa. Aliyewapigania ni Mkristo, Thomas Kennedy, mjumbe wa bunge la jimbo, aliyesema hana hata Myahudi mmoja anayemfahamu. Alianza 1818. Mwaka 1823 wapinzani walisimama kwa jina la Ukristo wakamwangusha. Akagombea tena, akarudi, na mwaka 1826 sheria ikapita. Mwaka huohuo Solomon Etting na Jacob Cohen wakachaguliwa madiwani wa Baltimore.

Katika habari hii yote, ninayemheshimu zaidi ni Kennedy. Hata hivyo sheria yake iliusogeza uzio bila kuung'oa: Myahudi alipaswa kukiri kwamba kuna thawabu na adhabu baada ya kufa. Katiba ya jimbo ya 1867 ikabakiza sharti la kumwamini Mungu, na ndilo lililomkwamisha Torcaso.

Mahakama za Maryland zilimkatalia. Tarehe 19 Juni 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki, majaji wote wakikubaliana. Jaji Hugo Black aliegemea uhuru wa dini katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani: serikali yoyote, iwe kuu au ya jimbo, haina mamlaka ya kumlazimisha mtu kukiri imani.

Sharti halina nguvu tena, lakini maneno yake bado yamo katika katiba ya Maryland. South Carolina nako, kwao Pinckney, Herb Silverman, mwalimu wa hisabati wa chuo, aliomba kazi hiyohiyo ya mhuri akafuta jina la Mungu kwenye kiapo. Alinyimwa, akashtaki, na akashinda mwaka 1997.