Wimbo Nilioueleza Vibaya

Ndugu zangu wa zamani, na ninyi vijana mlioko mabwenini hivi sasa, nina deni nanyi nalo nataka kulilipa katika kurasa hizi.

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana bwaloni, kwaya ya shule iliimba ule wimbo wa taratibu uitwao Goin' Home, ambao sisi wa zamani tuliukariri kwa sol-fa tukiwa Kidato cha Pili. Walipomaliza nilisimama, kwa kiherehere cha mtu aliyeshiba, nikawaeleza wanafunzi kuwa huo ni wimbo wa watumwa Weusi wa Marekani, uliozaliwa katika mashamba ya pamba, wala hauna mtunzi. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyosha mkono. Akauliza: kama hauna mtunzi, mbona karatasi ya nota ina jina la mtu? Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamjibu kuwa hilo ni jina la mchapishaji tu. Nilisema hivyo si kwa sababu nilijua, bali kwa kuwa sikutaka kuonekana sijui, na sisi watumishi wa serikali tumezoea sana kufanya hivyo vikaoni.

Usiku ule sikulala vizuri. Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, na nimeona kwamba yule kijana alikuwa na haki, mimi nilikosa. Sauti ya wimbo ule ilitungwa mjini New York mwaka 1893 na Mcheki mmoja, Antonín Dvořák. Maneno yake yalitiwa mwaka 1922, miaka 18 baada ya mtunzi kufariki, na mwanafunzi wake mmoja aitwaye William Arms Fisher. Hata hivyo kosa langu halikuwa kosa tupu, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza kunoga.

Dvořák alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, karibu na Prague. Baba yake alikuwa mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni. Nchi yao ya Bohemia wakati ule ilikuwa chini ya dola ya Austria, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa na ya kujipatia cheo. Kicheki kilikuwa lugha ya jikoni na shambani. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili maana ya hali hiyo. Kwa miaka mingi alipiga viola katika okestra ya tamthilia mjini Prague bila kujulikana nje ya nchi yake, mpaka Johannes Brahms alipomwombea kwa mchapishaji wake wa Berlin. Mwaka 1878 zikatoka Ngoma za Kislavoni, ambazo ndani yake mtu alisikia mwendo wa ngoma za vijijini kwao ukipigwa kwa ustadi wa miji mikubwa. Sifa ikaenea. Lakini mchapishaji yule alipenda kuandika jina lake kwa Kijerumani, "Anton", naye Dvořák akagomba naye juu ya jambo hilo, mpaka wakapatana kuandika kifupi tu, "Ant.", ili kila mtu asome apendavyo. Mtu aliyegombea herufi mbili za jina lake huyo ndiye aliyeitwa Marekani.

Aliyemwita ni bibi mmoja tajiri, Jeannette Thurber, aliyeanzisha Chuo cha Taifa cha Muziki mjini New York mwaka 1885. Chuo kile kiliwapokea wanawake, vipofu na Weusi, na wengi wasio na karo walisomeshwa bure. Miaka ile hayo hayakuwa mambo ya kawaida hata kidogo. Bibi Thurber alitaka Marekani iwe na muziki wake wenyewe, kwani watunzi wa huko waliokuwa na jina wengi wao walisomea Ujerumani, wakarudi wakiandika kama Wajerumani. Akamwahidi Dvořák dola 15,000 kwa mwaka, mshahara uliozidi mara nyingi ule aliokuwa akipata Prague. Dvořák akafika New York mwishoni mwa Septemba 1892.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye kiini cha habari hii, ingawa jina lake wengi wetu hatukulisikia shuleni. Harry Thacker Burleigh alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania. Babu yake mzaa mama, Hamilton Waters, alikuwa mtumwa aliyejinunulia uhuru wake, na macho yake yakapofuka. Huko Erie mzee yule alikuwa na kazi ya kuwasha taa za barabarani, naye kijana Harry alifuatana naye, na mzee akimwimbia nyimbo za utumwani. Hivyo ndivyo alivyozijua: hakuzipata kitabuni wala darasani, alizipata barabarani jioni, kutoka kinywani mwa mtu aliyeziimba akiwa bado mali ya mtu mwingine.

Burleigh aliingia chuoni mwaka ule ule wa 1892, akiwa na umri wa miaka 25. Hakuwa katika darasa la utunzi la Dvořák. Alikuwa mwimbaji, na katika okestra ya chuo alipiga besi kubwa ya nyuzi na ngoma. Lakini mkuu wa chuo alisikia habari zake, akawa anamwita nyumbani kwake jioni amwimbie. Burleigh mwenyewe alisimulia baadaye jinsi yule mzee alivyokuwa akimkatiza katikati ya wimbo na kumuuliza kama kweli watumwa waliimba hivyo. Fikirini jambo hili, vijana: mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo kwa dola 15,000 aje kufundisha, amekaa kimya anafundishwa na mwanafunzi.

Tarehe 21 Mei 1893 gazeti la New York Herald likachapa maoni ya Dvořák kuwa muziki wa Marekani wa siku za usoni sharti ujengwe juu ya nyimbo za Weusi. Zogo likazuka. Boston ndiyo iliyochukia zaidi, kwani watunzi wa kule waliona ati wanaambiwa na mgeni kuwa urithi wao ni wa watu ambao wao wenyewe hawakuketi nao meza moja. Bibi Amy Beach wa mji huo alijibu kwa kazi. Aliandika simfoni iliyojengwa juu ya nyimbo za Kiayalandi, iliyopigwa Boston mwaka 1896, kwa hoja kwamba kila mtu na atumie nyimbo za wazee wake. Mimi naona hoja yake si mbaya, na ilikuwa karibu na mawazo ya Dvořák kuliko wote wawili walivyodhani. Jirani zetu wa Kenya nao wimbo wao wa taifa, mwaka 1963, waliujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto.

Simfoni yenyewe, ya tisa, iitwayo Kutoka Dunia Mpya, ilikuwa imekamilika mwezi ule ule wa Mei. Burleigh alikuwa miongoni mwa walionakili nota zake. Ilipigwa katika ukumbi wa Carnegie tarehe 16 Desemba 1893, Anton Seidl akiongoza, na watu wakashangilia mpaka mtunzi akalazimika kusimama na kuinama. Sehemu ya pili ndiyo yenye sauti yetu ile. Inachukuliwa na ala moja ya kupuliza ya jamii ya zumari, yenye sauti nzito ya majonzi, huku nyuzi zikivuma chini yake polepole. Wapo wasemao Dvořák aliichagua ala hiyo kwa kuwa ilimkumbusha koo la Burleigh. Hata kama si hivyo, sikio halikatai.

Je, aliiba? Swali hili nimeulizwa na rafiki yangu mmoja tuliyelala naye bweni moja, na lastahili jibu. Dvořák alisema wazi kuwa hakuchukua wimbo wowote wa watu kama ulivyo. Alitunga sauti zake mwenyewe kwa kufuata tabia ya nyimbo zile. Katika sehemu ya kwanza kuna sauti ya filimbi inayofanana mno na Swing Low, Sweet Chariot, kila msomaji aisikilize aamue. Hivyo basi nilipowaambia wanafunzi kuwa ni wimbo wa watumwa nilikosea kuhusu mtunzi, lakini sikio langu lilikuwa limesikia alichotaka lisikie.

Wala si kwamba mzee yule hakuwa na mapungufu. Katika gazeti lile lile alidai kuwa nyimbo za Weusi na za wenyeji asilia wa Marekani karibu ni moja, na zote zafanana na za Uskoti. Ni maneno ya mtu aliyesikia kidogo akasema kingi. Habari za wenyeji wale alizipata zaidi katika utenzi wa Longfellow juu ya Hiawatha, na kiangazi cha 1893, alipokwenda kupumzika Spillville, kijiji cha Wacheki katika jimbo la Iowa, aliwaona wachache waliokuwa wakipita na wauza dawa wakicheza kwa malipo. Ilikuwa haijatimia miaka mitatu tangu mauaji ya Wounded Knee. Huko Spillville aliandika kwa haraka ya ajabu muziki wa ala nne za nyuzi, akachora mchoro wake wote kwa siku tatu za mwezi wa Juni. Kati ya kazi zake zote za Marekani hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Mdororo wa fedha wa mwaka 1893 ukaikumba familia ya Thurber, mishahara ikaanza kuchelewa, na mwaka 1895 Dvořák akarudi kwao. Kelele zake magazetini zikapoa. Kazi iliyobaki waliifanya wengine.

Mwaka 1894 Burleigh aliomba nafasi ya mwimbaji katika kanisa la Mtakatifu George, New York, kanisa la matajiri Weupe. Baadhi ya waumini walimpinga kwa sababu ya rangi yake. Akachukuliwa hata hivyo, akaimba pale kwa miaka zaidi ya 50. Nyimbo za babu yake akaziandikia kinanda ili mwimbaji mmoja aweze kuziimba jukwaani, na Deep River aliyoichapa mwaka 1917 ikaenea katika kumbi zote. Mwaka 1933 okestra ya Chicago ikapiga simfoni ya Florence Price, mwanamke Mweusi kutoka Arkansas, iliyoandikwa katika ufunguo ule ule wa Mi ndogo alioutumia Dvořák, na ndani yake kuna juba, ngoma ya watumwa ya kupiga mapaja na kifua. Mwaka uliofuata okestra ya Philadelphia ikapiga ile ya William Dawson. Bibi Price alifariki mwaka 1953, na nyingi ya karatasi zake hazikujulikana zilipo mpaka mwaka 2009, zilipokutwa katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, paa limetoboka.

Nimemwandikia yule kijana, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, nikamweleza haya yote na kumwomba radhi. Akanijibu kwa mistari miwili: ameshukuru, na anauliza nyimbo za yule babu kipofu nazo ni nani aliyezitunga. Nimekaa na swali lake wiki ya tatu sasa. Kwa upande mwingine nimezungumza na katibu wa chama chetu, kwa kuwa katika ratiba ya mkutano ujao wimbo ule umeandikwa tena "wimbo wa asili". Ameahidi kupiga chapa upya, majina ya Dvořák na Fisher yakiwemo, na kwaya inafanya mazoezi ya Deep River kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni. Wenye sauti ya nne wanaombwa wafike mapema siku ya mkutano, maana vijana wa besi ni watatu tu.