Springi za Motokaa na Njia Zetu

Mtu atokaye Malindi kuelekea bara hupita Ganda, penye minazi na miembe, kisha hushika njia ya Kakuyuni. Kwa miaka mingi njia za namna hii, za mchanga wakati wa jua na za matope wakati wa masika, zilikuwa mtihani mkubwa wa motokaa katika Afrika ya Mashariki. Watu husifu injini kwa nguvu zake. Lakini historia yatufundisha kwamba safari nyingi ziliamuliwa na kitu kilichojificha nyuma ya gurudumu, nacho ni springi.

Springi ya duara ni waya mnene wa chuma kigumu, uliozungushwa mfano wa nyoka aliyejiviringa. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja, likishuka, hujikunjua. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake: kadiri springi inavyokandamizwa au kuvutwa, ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyozidi. Ugumu wa springi hutegemea upana wa duara, unene wa waya, na idadi ya mizunguko. Waya ukizidi unene kwa sehemu moja ya kumi tu, ugumu huongezeka kwa karibu nusu. Tena, springi yenye mizunguko 10 ifanyayo kazi, ikikatwa ikabaki na 8, huwa ngumu zaidi kwa robo nzima.

Mashindano yaliyoyadhihirisha mambo haya mbele ya watu wote yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Baadaye yakajulikana kwa jina la East African Safari, na motokaa zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 zaidi ya motokaa 80 zilianza, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1968 mambo yakawa vile vile: zikamaliza 7 tu. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa motokaa ya aina hiyo hiyo. Ilikuwa na springi za duara katika magurudumu yote manne, laini na zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na tumbo lake lilikuwa mbali na ardhi. Naye Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, yenye springi za duara mbele na nyuma, nayo haikuwa mpya alipoipata.

Huko Ulaya, katika viwanja laini vya mashindano, madereva walijifunza kuzishusha motokaa zao. Walikuwa na haki, maana uzito ukikaribia ardhi, motokaa hailali sana kwenye kona. Desturi hiyo ikawa pambo, na vijana wengi hupenda kuiga. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Springi iliyokatwa huacha nafasi ndogo ya gurudumu kupanda. Kwenye shimo la kwanza chuma hugonga chuma, shokapu huharibika, na gurudumu huweza kuruka juu ya ardhi. Gurudumu lisilogusa ardhi halishiki breki, wala halifuati usukani. Na akataye kwa moto hudhoofisha chuma chenyewe, kisha springi huvunjika njiani, abiria wakiwa ndani.

Tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya motokaa za zamani katika njia zetu, na mafundi wamezirudia zile kazi za kale. Springi iliyochoka hujulikana kwa motokaa kulala upande mmoja. Hubadilishwa mbili kwa pamoja, za kushoto na kulia, ili urefu na ugumu vilingane. Fundi mwenye busara hategemei jeki peke yake, bali huweka vigingi imara chini ya gari. Springi iliyobanwa huifunga kwa kibano maalumu kabla ya kufungua bolti, maana nguvu iliyomo ndani yake yaweza kumwua mtu.

Basi, enyi vijana, waliounda Peugeot na Volvo walikuwa mbali na matope yetu, lakini vyombo vyao viliheshimiwa hapa kwa sababu viliiweza ardhi. Anayetaka kugusa springi ya gari lake, kabla ya kuuliza litapendeza vipi, aulize kwanza litapita wapi, na litambeba nani.