Mwanafunzi Mwanamichezo na Maisha Baada ya Mbio

Istilahi "mwanafunzi mwanamichezo", ambayo ni ya kawaida katika vyuo vikuu vya Marekani, haikubuniwa na walimu. Katika miaka ya 1950, Walter Byers, kiongozi wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, aliieneza ili wachezaji walioumia uwanjani, au jamaa za waliofariki, wasidai fidia kama wafanyakazi. Akishaitwa mwanafunzi, mchezaji si mwajiriwa. Byers mwenyewe aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1995.

Jina lilitangulia, malezi yakafuata kwa mwendo wa kinyonga. Ilikuwa mwaka 1994 ndipo NCAA ilipopeleka vyuoni programu ya stadi za maisha, iliyogusa masomo, michezo, makuzi binafsi, huduma kwa jamii na maandalizi ya kazi.

Kwa wanariadha wa jirani zetu Kenya, msaada huo ulichelewa. Tuwatazame wawili waliosoma huko katika miaka ya 1970. Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico, akaendelea hadi shahada ya uzamivu. Henry Rono alikuwa Washington State. Mwaka 1978, kwa siku 81 tu, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, 5,000, 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wote wawili walikosa Olimpiki za 1976 na 1980 kwa sababu Kenya ilisusia.

Boit alirudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo, kisha profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Rono aliandamwa na ulevi, fedha zikaisha, akalala katika makao ya wasio na nyumba. Baadaye alibeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque.

Wapo wasemao kuwa mmoja alikuwa na nidhamu na mwingine hakuwa nayo. Naiona hukumu hiyo kuwa nyepesi. Boit alisomea jambo lile lile alilolifanya uwanjani, hivyo miguu ilipochoka kazi haikukoma. Rono alikiletea chuo chake ubingwa wa taifa wa mbio za nyika mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Ubingwa ulibaki chuoni, naye akaondoka na sifa, ambayo hailipi kodi ya nyumba. (Wanafunzi wetu wa tafsiri na wajiulize: katika istilahi ile, nomino kuu ni ipi?)

Rono aliishinda pombe, akafundisha vijana mbio, na mwaka 2007 akachapisha tawasifu yake. Alirejea Kenya mwaka 2019, akafariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 72.