Kilindini na Riziki ya Mombasa

Ajira za Mombasa zimegawanyika katika sekta nyingi: bandari, usafirishaji, viwanda, hoteli, biashara ndogo na kazi za umma. Hata hivyo, sekta hizo hazijitegemei. Mzozo wa makontena yaliyopelekwa Nairobi kwa reli ya kisasa ya SGR umefufua suala la zamani: bandari ya Kilindini ikikosa kazi, ni nani mjini atakayesalimika?

Awali riziki ilipatikana Bandari ya Kale, kwenye majahazi. Ujenzi wa reli ya kikoloni ulianza mwaka 1896, na kufikia 1926 meli kubwa zilikuwa zikifunga kwenye magati mapya ya Kilindini.

Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wafanyakazi wa bandari hiyo, anasisitiza nafasi ya kibarua. Mtu aliajiriwa kwa kutwa. Mwajiri hakulipa chochote siku isiyo na meli, na mwenye shamba katika bara ya karibu alifanya kazi siku chache kisha akarudi kulima. Walioumia ni wale ambao tegemeo lao lilikuwa mji tu, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kupandisha bei za vyakula na kodi za nyumba.

Tarehe 13 Januari 1947 subira iliisha. Makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli waligoma, wakafuatwa na watumishi wa majumbani na wahudumu wa hoteli. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi. Kila siku walikusanyika katika uwanja wa Kiembeni, Majengo, wakidai mishahara inayolingana na gharama za maisha, na malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda kuwasihi warudi kazini, na mgomo ukaisha baada ya takriban siku 12. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliongeza malipo. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo huo, alikamatwa Agosti na kupelekwa uhamishoni Baringo. Huo ulikuwa ujira wa aibu kwa mtu aliyesema kwa niaba ya sekta zote.

Serikali ya kikoloni iliona hatari katika kibarua cha kutwa. Katika miaka ya 1950 makuli waliandikishwa, na hatua kwa hatua kazi ikabaki kwa watu wachache wenye ajira ya kudumu. Waliogoma mwaka 1955 walipata nyongeza kwa msaada wa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya.

Baada ya uhuru utalii ulikua, lakini ajira nyingine zilipungua. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza mwaka 1963, kilisimamisha usafishaji mwaka 2013. SGR ilizinduliwa mwaka 2017. Amri ya 2019 ya kusafirisha mizigo kwa reli hiyo ilizua maandamano ya wakazi, Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 2020, na mwaka 2022 serikali mpya ikaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Katika awamu zote hizo, maamuzi ya bandari yamegusa madereva, mawakala wa forodha, wenye maghala na mama ntilie. Ni haki yao kushirikishwa kabla ya amri kutolewa, si baada ya kuandamana.